Theluji Inapogeuka Mto

Kila anayejifunza kwenda milimani wakati wa baridi hufundishwa kwanza kupima mwinuko. Poromoko la theluji kavu, lile linalokatika bamba zima na kushuka kwa kishindo, kwa kawaida huanzia kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Chini ya hapo theluji hukaa mahali pake, na juu ya hapo humwagika kidogo kidogo kabla haijalimbikizana. Kanuni hiyo imeokoa maisha ya watu wengi, na vituo vya skii vimeizoea mno: ramani za hatari hupakwa rangi kwa kufuata nyuzi, baruti hulipuliwa alfajiri kwenye miteremko mikali, na sehemu za chini zilizo karibu na tambarare huachiwa watoto na wageni wanaoanza kujifunza. Sura hii inahusu hatari isiyoitii kanuni hiyo. Rojo la theluji, yaani theluji iliyolowa hadi ikakosa nafasi ya kumeza tone jingine, linaweza kuanza kutiririka kwenye mwinuko wa nyuzi 15, au 10, na pengine chini ya hapo, mahali ambapo mtu anapanda bila hata kuhema. Likishapata mkondo, hushuka nao hadi bondeni, likizoa theluji, mawe na miti njiani. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hatari hii ni ya maji kabla ya kuwa ya theluji, na kwamba kituo cha skii kinachoiacha mikononi mwa wataalamu wa theluji peke yao kimeikabidhi kwa watu ambao vifaa vyao vimeundwa kwa kazi nyingine.

Msomaji ambaye hajaishi na theluji ajue kwanza kwamba sehemu kubwa ya theluji ni hewa. Mita moja ya ujazo ya theluji iliyoanguka karibuni ina uzito wa kilo 100 hivi, ilhali ujazo huohuo wa maji ni kilo 1,000. Hata theluji iliyokaa miezi kadhaa na kujishindilia kwa uzito wake bado ina nafasi nyingi kati ya chembe zake, na humo ndimo maji yanamoingia. Maji yakiwa machache huiimarisha, kwa sababu utando mwembamba wa unyevu huzivuta chembe zishikane. Ndivyo mchanga mbichi wa ufukweni unavyosimama kuta watoto wanapoujenga, na mchanga huohuo ukijaa maji unavyoporomoka wote kwa pamoja. Maji yakizidi, vishikizo vya barafu kati ya chembe huyeyuka, chembe huelea, na tabaka lililokuwa thabiti halina tena nguvu ya kujizuia. Hapo haihitajiki genge wala mteremko mkali. Inatosha maji yanayoingia kwenye theluji yawe mengi kuliko yale yanayopata njia ya kutoka, na hali hiyo idumu kwa muda wa kutosha ili kina cha maji ndani ya theluji kipande. Karibu kila kitu kinachofaa kusemwa juu ya chanzo na kinga ya hatari hii kinatokana na mizani hiyo ya maji yanayoingia na maji yanayotoka.

Tuanze na yanayoingia. Watu wengi hudhani kwamba mvua ndiyo inayoyeyusha theluji. Hesabu inakataa. Mvua ya milimita 50 yenye joto la nyuzi 5 za selsiasi ina joto la kuyeyusha kiasi cha theluji kinachotoa milimita 3 tu za maji. Mvua inaleta maji yake yenyewe, lakini kiyeyushi ni dhaifu. Chenye nguvu ni upepo wa joto uliobeba unyevu mwingi. Mvuke wa maji unapogusa theluji na kugeuka kuwa maji, huachia joto lote lililokuwa limejificha ndani yake, na joto hilo ni kubwa kiasi kwamba kilo 1 ya mvuke inaweza kuyeyusha zaidi ya kilo 7 za barafu. Kwa hiyo siku inayopaswa kutisha ni ile ambayo mvua kubwa inafuatana na upepo mkali wenye joto na ukungu, hasa usiku usipoleta baridi ya kugandisha tena. Hali kama hii ndiyo inayoifika pwani ya magharibi ya Norwe na fiodi za Aisilandi katikati ya majira ya baridi, dhoruba za Atlantiki zinapoingia nchi kavu. Huko kaskazini zaidi, katika visiwa vya Svalbard, katika milima ya Khibiny nchini Urusi na katika bonde la Kärkevagge kaskazini mwa Uswidi, hatari hiyohiyo huja kwa mlango mwingine: mwisho wa msimu, jua linapowaka karibu saa zote 24 na theluji ya miezi minane inaanza kuyeyuka kwa ghafla huku vijito vikiwa bado vimezibwa. Anders Rapp, mwanajiografia wa Uswidi aliyelichunguza bonde la Kärkevagge katika miaka ya 1950, alionyesha kwamba mitiririko hii inaweza kuhamisha hata mawe makubwa. Maji matupu ya kijito kidogo kama cha bonde hilo yasingeyasogeza.

Upande wa maji yanayotoka ni mgumu zaidi kuuona, na kwa maoni yangu ndio unaopuuzwa zaidi. Ardhi iliyoganda hainywi. Katika Svalbard ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Kwenye Mlima Fuji wa Japani, changarawe za volkano ambazo wakati wa kiangazi hufyonza mvua yote huganda majira ya baridi na kugeuka sakafu ngumu, na ndiyo maana Wajapani wamekuwa na jina la mitiririko hii, yukishiro, kwa muda mrefu. Ndani ya theluji yenyewe, tabaka la barafu lililoachwa na mvua ya wiki mbili zilizopita linaweza kuyazuia maji yasiende chini. Chini kabisa, mahali penye theluji nyembamba na baridi kali, hukua chembe kubwa zenye pande bapa ambazo zimeshikana kidogo sana. Zikilowa, hulegea mapema kuliko theluji laini iliyoshindiliwa na upepo. Kisha kuna umbo la nchi. Mahali pa kuanzia mtiririko mara nyingi si ubavu wa mlima bali sehemu isiyovutia macho: kibonde chenye majimaji, mdomo wa ziwa dogo, mahali vijito viwili vinapokutana, au korongo ambalo upepo umelijaza theluji ikawa kama boma. Maji hujikusanya nyuma ya theluji hiyo bila kuonekana, uso wake ukiwa bado mweupe, au ukiwa umeanza tu kupata rangi ya kijivu yenye kukaribia bluu.

Mambo haya yalifanya kazi pamoja Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, tarehe 11 Juni 1953. Juu ya mji kuna bonde fupi liitwalo Vannledningsdalen, na mdomoni mwake palikuwa na majengo, ikiwamo hospitali. Theluji iliyojaa maji ilishuka kutoka bondeni humo, ikayabomoa majengo na kuua watu 3. Miaka 30 baadaye, tarehe 22 Januari 1983, mji mdogo wa wavuvi wa Patreksfjörður, magharibi mwa Aisilandi, ulipigwa mara mbili siku moja, na mitiririko hiyo miwili ilitoka kwenye makorongo mawili tofauti. Watu 4 walikufa. Matukio haya mawili yanatofautiana karibu kwa kila kitu ambacho mtaalamu wa theluji angekitazama. Moja lilikuwa Juni, jingine Januari. Moja lilitokana na kuyeyuka kwa msimu, jingine na mvua iliyoangukia theluji. Kinachoyaunganisha ni mkondo wa maji uliozibwa, na watu waliojenga mahali mkondo huo unapotokea. Mwaka 2023, tarehe 26 Januari, rojo lilishuka tena Patreksfjörður kutoka Geirseyrargil, mojawapo ya makorongo yaleyale. Safari hii hakufa mtu, lakini korongo lilikuwa limelikumbuka jambo ambalo kizazi kizima cha watu kingeweza kulisahau.

Uzito wa rojo unastahili kuelezwa, kwa sababu mtu anayeliona kwenye picha hudhani ni tope jepesi. Chukua rojo lenye uzito wa kilo 900 kwa mita ya ujazo, likienda mita 10 kwa sekunde, mwendo usiozidi ule wa gari mtaani. Likigonga ukuta, huusukuma kwa nguvu inayokaribia tani 9 kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya mbao huvunjika kwa kiasi cha tani 3. Theluji kavu yenye uzito wa kilo 100 kwa mita ya ujazo, ikienda mwendo uleule, ingesukuma kwa tani 1 tu. Inafidia kwa kasi, kwa kuwa poromoko kavu hukimbia zaidi, lakini rojo halihitaji kasi hiyo kuua. Tena hupindapinda na mkondo, hupanda ukingo kwenye kona, na hufika mbali kwenye tambarare ambako theluji kavu ingekuwa imeshasimama. Aliyezikwa ndani yake hana mfuko wa hewa wa kutegemea.

Sasa turudi kwenye kituo cha skii, ambako shauri hili ni gumu zaidi. Kituo cha skii hakipati hatari hii kutoka mlimani tu. Kwa sehemu hukitengeneza. Njia ya skii haina budi kuvuka vijito, na wakati wa baridi njia rahisi ya kuvuka kijito ni kukifukia: mashine za kusawazisha husukuma theluji kwenye bonde la kijito mpaka daraja pana la theluji linapatikana, na kalavati lililo chini yake, ambalo lilipimwa kwa maji ya kiangazi, huachwa ligande kimya kimya. Theluji inayotengenezwa kwa mashine na kushindiliwa kila usiku ina uzito wa kilo 400 hadi 500 kwa mita ya ujazo, na matabaka yake ya barafu hupitisha maji kwa shida. Ukiitazama kwa jicho la skii, hiyo ni theluji bora inayodumu hadi Aprili. Ukiitazama kwa jicho la maji, ni bwawa lililojengwa bila mhandisi, bila mlango wa kutolea maji ya ziada, na bila mtu aliyepewa kazi ya kulikagua. Miti imekatwa ili kupata njia pana, hivyo mvua hufika chini kwa wingi na haraka. Barabara za huduma zinazokata ubavu wa mlima huyakusanya maji ya mifereji midogo kumi na kuyapeleka kwenye mmoja. Bwawa la maji ya kutengenezea theluji limewekwa juu, na likifurika, maji yake ya ziada huelekezwa kwenye korongo lililo karibu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho kosa kikiwa peke yake. Kwa pamoja vinaongeza maji yanayoingia na kupunguza yanayotoka, mahali palepale ambapo maelfu ya watu wanapita.

Chini ya kituo hali ni ileile kwa sababu nyingine. Hoteli, maegesho, duka la kukodisha vifaa, lifti ya kwanza na uwanja wa watoto huhitaji ardhi pana yenye mteremko mdogo, na milimani ardhi ya namna hiyo kwa kawaida ni uwanda wa mashapo mdomoni mwa korongo. Uwanda huo haukuwekwa pale kwa bahati. Umejengwa na mitiririko iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, kwa maelfu ya miaka. Wasomaji wa Tanzania wameliona umbo hilo bila theluji: tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalifuata mikondo ya maji hadi Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Kilichoteremka Hanang kilikuwa udongo uliolowa, si theluji, na chanzo chake kina maelezo yake. Lakini makazi yalikuwa mahali ambapo mlima humwaga kile unachoshindwa kukishika, na katika hilo Katesh na Patreksfjörður ni ndugu. Mpangaji wa mji anayeweza kuusoma uwanda wa mashapo mmoja anaweza kuusoma mwingine.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la takwimu. Barani Ulaya maporomoko ya theluji huua watu wapatao 100 kwa mwaka, na rojo haliwezi hata kukaribia idadi hiyo. Kwa nini basi kituo cha skii kitumie fedha na umakini wake kwa jambo la nadra? Jibu liko katika nani anayekufa na kwa nini. Wengi wa wale 100 wanafia nje ya njia zilizofunguliwa, kwenye poromoko ambalo wao wenyewe au wenzao wamelichokoza. Walichagua mlima, walichagua siku, wengi walibeba vifaa vya kutafutana chini ya theluji. Mtiririko wa rojo kwa kawaida hauchokozwi na mtu anayepita. Huja maji yanapokamilisha kazi yake, na huwakuta watu ndani ya nyumba, barabarani, hospitalini. Mtoto anayejifunza skii kando ya kijito hakuchagua hatari yoyote. Alipelekwa pale kwa sababu aliyepachora alisema ndipo salama kuliko pote. Jukumu la hatari ambayo mwathiriwa hawezi kuiona wala kuiepuka haliwezi kuwa lake. Ni la mwenye kituo na la serikali iliyompa kibali. Norwe imelikubali hilo kwa majengo: kanuni zake za ujenzi zinataka nyumba ya kawaida ya makazi iwe mahali ambapo uwezekano wa kufikiwa na mporomoko wa aina yoyote hauzidi mara 1 katika miaka 1,000, na majengo yanayokusanya watu wengi mara 1 katika miaka 5,000. Lakini anayeteleza kwa skii hayumo ndani ya jengo, na foleni ya watu 200 wanaosubiri lifti haina kuta. Sioni sababu ya kuilinda hoteli usiku na kuwaacha wageni wake mchana.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba mitiririko hii haitabiriki. Ni kweli kwamba hakuna anayeweza kutaja saa korongo litakapoachia. Hata hivyo tofauti kati ya saa na siku ni kubwa, na tofauti kati ya siku na mahali ni kubwa zaidi. Mahali panajulikana, kwa kuwa rojo hufuata mikondo, na mikondo haihami kila mwaka. Siku inaweza kukadiriwa, kwa kuwa vinavyohitajika vinapimika: kina cha theluji na aina ya chembe zake, mvua inayotarajiwa, joto, unyevu na nguvu ya upepo, na kama usiku utaganda. Norwe ilipoanzisha huduma ya taifa ya tahadhari mwaka 2013, iliiweka mitiririko ya rojo pamoja na maporomoko ya udongo, chini ya wataalamu wanaofanya kazi bega kwa bega na watabiri wa mafuriko. Haikuiweka kwenye taarifa ya maporomoko ya theluji inayosomwa na watu wa skii. Nauona uamuzi huo kuwa sahihi kabisa. Wakati huohuo, una gharama yake ambayo haijalipwa. Matatizo 5 ya theluji yanayotumiwa na huduma za tahadhari za Ulaya ni theluji mpya, theluji iliyohamishwa na upepo, matabaka dhaifu yanayodumu, theluji yenye maji, na theluji inayoteleza juu ya ardhi. Rojo halina nafasi yake humo. Mkuu wa usalama wa kituo cha skii anayesoma taarifa ya theluji peke yake anaweza kukuta kiwango cha kawaida kwenye miteremko mikali, akafungua kituo, ilhali taarifa nyingine, iliyoandikwa kwa ajili ya wahandisi wa barabara na halmashauri, inaonya juu ya vijito vyake mwenyewe. Kinga ya bei ndogo kuliko zote ni kumlazimisha asome zote mbili, na kumpa mamlaka ya kufunga uwanja wa chini kwa kutumia ile ya pili.

Kuhusu baruti, lazima nizungumze waziwazi kwa sababu ndicho kifaa ambacho vituo vya skii vinakijua na kukiamini. Baruti hufanya kazi vizuri kwenye theluji kavu na ngumu, ambamo mtikisiko husafiri na kulikata bamba. Theluji iliyolowa hunyonya mtikisiko huo. Mlipuko unaweza usifanye chochote, na kimya kinachofuata kikachukuliwa kuwa uthibitisho wa usalama, huku maji yakizidi kupanda. Na hata ukifanikiwa kuliachia rojo, umeliachia kwenye mkondo uleule unaopita katikati ya kituo. Longyearbyen walichukua njia nyingine baada ya 1953. Kila majira ya kuchipua, kabla theluji haijaanza kuyeyuka kwa kasi, tingatinga lilipandishwa Vannledningsdalen kuchimba mfereji kwenye theluji kufuata mkondo wa kijito, ili maji ya kwanza yapate pa kupita. Kazi hiyo ni duni machoni. Haina mlipuko wala mnara. Lakini inagusa upande sahihi wa mizani: inafungua njia ya kutoka badala ya kupigana na kilichokwisha kujaa. Kituo cha skii tayari kina mashine zinazofaa na madereva waliozoea kufanya kazi usiku kwenye mteremko. Kinachokosekana ni amri ya kuzitumia kufungua vijito ambavyo mashine hizohizo zilivifukia Desemba, pamoja na makalavati yaliyopimwa upya kwa mvua ya Januari juu ya theluji, yenye midomo inayofikika na kusafishwa barafu kabla ya dhoruba.

Tingatinga nalo lina mpaka wake. Linafaa pale ambapo msimu wa kuyeyuka unajulikana, kama ulivyokuwa Svalbard kwa muda mrefu. Mwishoni mwa Januari 2012 mpaka huo ulionekana. Hewa ya joto ilivamia Svalbard katikati ya usiku wa miezi wa Aktiki, na Ny-Ålesund, kituo cha utafiti kilicho kaskazini mwa Longyearbyen, kikapata milimita 98 za mvua kwa siku moja, tarehe 30. Mitiririko ya rojo ilitokea Longyearbyen katika mwezi ambao hakuna mtu angekuwa ameshapeleka mashine bondeni. Hili linajibu pia wale wanaosema kwamba ongezeko la joto duniani litalimaliza tatizo kwa kuimaliza theluji. Huenda, kwenye milima ya chini na baada ya miaka mingi. Kabla ya hapo, joto linaleta kitu kibaya zaidi kwa hesabu yetu: theluji bado ipo, ardhi bado imeganda, na mvua inafika katika miezi ambayo zamani ilikuwa salama. Vituo vya skii vya juu na vya kaskazini, vilivyojivunia baridi isiyokatika, vinaingia kwenye hali ambayo Norwe ya pwani imeishi nayo siku zote, lakini bila uzoefu wa pwani na bila makalavati ya pwani. Navyo vinajibu upungufu wa theluji kwa kutengeneza nyingi zaidi kwa mashine, nzito zaidi, na kuilundika penye vijito ili njia za chini zidumu.

Kuta na mabwawa ya kinga yana nafasi yake, ila si ile ambayo watu huitamani. Ukuta unaosimamisha theluji kavu unaweza kupitwa na rojo, kwa kuwa rojo hujaa nyuma yake na kufurika. Linalofaa zaidi ni ukingo wa kulielekeza, unaolibakiza kwenye mkondo wake mpaka mahali penye upana pasipo na watu, na madaraja yaliyoinuliwa vya kutosha ili yasiwe vizibo vipya. Ujenzi wa namna hiyo ni ghali, hudai matengenezo ya kila mwaka, na mara nyingi huharibu kijito chenyewe na samaki wake. Wanaopinga kwa sababu hiyo wana haki ya kusikilizwa. Ninawajibu kwamba hoja yao inaongeza nguvu ya kuhamisha vitu, badala ya kuidhoofisha. Uwanja wa watoto hauna msingi wa zege. Ni mkanda wa kupandishia, uzio na vibao. Kuusogeza mita 150 kutoka mdomo wa korongo hadi kwenye mgongo wa ardhi ulio pembeni kunagharimu kidogo sana ukilinganisha na ukuta. Maegesho vilevile yanaweza kugawanywa, sehemu iliyo kwenye mkondo ikafungwa kwa mnyororo siku za tahadhari.

Linabaki suala la kufunga. Mwenye kituo atasema kwamba siku ya mvua na upepo wa joto ni siku mbaya kwa biashara hata hivyo, na kwamba kuongeza tangazo la hatari kutawafukuza wageni wachache waliobaki. Kwa hakika hilo linarahisisha uamuzi. Siku yenye hatari kubwa zaidi ya rojo ndiyo siku ambayo skii ina raha ndogo kabisa. Mapato yanayopotea kwa kufunga uwanja wa chini siku hiyo ni madogo kuliko yale ya kufunga miteremko mikali asubuhi ya jua baada ya theluji mpya, jambo ambalo vituo vyote vimelikubali bila ubishi. Tatizo halisi la kufunga ni lini kufungua. Poromoko kavu likishashuka, mteremko wake kwa kawaida umepata nafuu. Korongo lililotoa rojo linaweza kutoa jingine, theluji ya pembeni ikianguka mkondoni na kuyazuia maji upya, na korongo la jirani lililokunywa mvua ileile bado halijasema neno. Patreksfjörður ilijifunza hivyo siku moja ya Januari: mtiririko wa pili ulikuja kupitia njia nyingine baada ya mji kudhani umeshapigwa. Kwa hiyo mpango wa uokoaji wa kituo cha skii unapaswa kuandikwa ukijua kwamba waokoaji watasimama mahali palepale pa hatari, wengi kwa pamoja, gizani, mvua ikiendelea. Uteuliwe mtu wa kukaa juu na kutazama kina cha maji kwenye makorongo yote yanayokielekea kituo, si lile lililoachia tu, akiwa na redio na mamlaka ya kuwaondoa watu. Njia ya kutokea iwe ya kupanda pembeni kwenye mgongo wa ardhi, kamwe isiwe ya kuteremka na bonde. Na uwanja usifunguliwe mpaka baridi imerudi kwa usiku mzima na vijito vimeonekana kwa macho vikitiririka wazi kutoka juu hadi chini.